Mkasi Kwenye Matete

Kabla sijafika mbali niseme jambo moja, msije mkadhani nawaficha: Fundi Bati alikuwa hasikii sauti nyembamba. Sauti nene alizipata vizuri, lori likipita, mlango ukigongwa, mwanamume akizungumza karibu naye. Lakini filimbi, kengele ya baiskeli, kilio cha mtoto mchanga, na sauti ya mkewe akiwa nyuma yake, vyote hivyo vilikuwa vimekwisha kumtoka. Yeye alijua, na hakumwambia mtu. Mimi ni kinyozi wake na jirani yake wa ukuta mmoja, na nilikuja kujua siku moja na watu wengine wote.

Kazi ya bati aliianza angali kijana. Ndoo, mabeseni, masanduku ya shule, mifereji ya kukingia maji ya mvua, vyote vilipita chini ya nyundo yake. Karakana yenyewe ilikuwa kibanda cha bati, na ndani yake kuna mtu anapiga bati, kwa hiyo kelele haikuwa na pa kutokea. Mteja wangu akitaka kunipasulia siri ilibidi asubiri Fundi aende kunywa chai. Kuziba masikio hakukubali kamwe. Aliowaona wakiziba aliwaita watu wa kudeka.

Bega lilipomshinda, mpwa wake akaichukua karakana na yeye akabaki nyumbani. Mtu aliyezoea kushinda kazini akikalishwa nyumbani huanza kuhamisha vitu. Alihamisha kabati la vyombo. Akahamisha kamba ya nguo akaifunga kwenye kivuli, mahali ambapo shuka haliwezi kukauka hata ulibembeleze. Mkewe, aliyekuwa mpishi wa shule na hapendi mtu aguse vyombo vyake, alivumilia mpaka alipokuta masufuria yamepangwa kwa ukubwa wa mifuniko. Mlangoni kwangu kulikuwa na tangazo: mafunzo ya waongozaji wa mazingira wa kujitolea, kila Jumamosi asubuhi, ukumbi wa mtaa. Alilisoma akiwa amesimama nje, kisha akaingia na kuniambia, shemeji, mwandikishe huyu, na wewe uende naye asije akageuka njiani. Hakuniuliza kama nataka. Ndivyo nilivyorudi darasani uzeeni.

Mazingira yenyewe yalikuwa bwawa. Nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba kuna shimo kubwa lililokuwa likichimbwa udongo wa matofali. Kiwanda kilikufa, shimo likajaa maji, matete yakaota, na ndege wakahamia bila kumwomba mtu ruhusa. Sisi wakazi tulilijua kama mahali pa kutupia magodoro. Mwalimu, binti mwembamba kutoka ofisi ya mazingira aliyevaa viatu virefu vya mpira hata siku za jua, alikuwa na hoja yake: mtu akishakijua kitu kwa jina huona haya kukitupia takataka. Kwa hiyo alitaka watu wachache wa mtaa wafundishwe viumbe wa bwawa, nao wawatembeze wenzao. Atakayefaulu angepewa kofia ya kijani na njia yake ya kuongoza kila Jumamosi.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya amani ya jirani yangu na sioni sababu ya kujipamba. Muuza vifaa vya umeme alikuja kwa kuwa daktari alimwambia atembee. Ni Fundi peke yake aliyenaswa kweli. Ilikuwa siku ya kwanza ya darubini. Mwalimu alimwonyesha mdiria, ndege wa samawati mwenye mdomo kama patasi, aliyetulia juu ya kijiti akiyachungulia maji. Fundi aliishika darubini mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kukohoa. Tulipokuwa tunarudi aliniambia kwamba miaka yote ile alikuwa anafanya kazi hatua chache tu kutoka kwa kiumbe yule, na hakuna aliyemwambia. Alisema kwa hasira, kana kwamba mimi nilikuwa nimemfungia kabatini.

Tangu siku hiyo Fundi hakugusa tena kabati la mtu. Alijifunza kugeuza gogo bovu na kulirudisha lilivyokuwa, ili walio chini yake wasirudi wakakuta nyumba imehamishwa. Mkewe alipoambiwa somo hilo alisema angelifurahia zaidi kama lingefundishwa mapema. Fundi alijifunza pia kumtambua kereng'ende kwa ganda analoliacha kwenye tete anapotoka majini kuota mabawa. Jicho lililozoea kutafuta tundu dogo kwenye ndoo mpya lilifaa sana pale. Kofia ya kijani aliitaka waziwazi, na alishakwenda kuipima ofisini kwa Mwalimu akidai anataka tu kuona kitambaa chake.

Mwalimu alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka muuza umeme akawa anamwigiza: usitaje usichokiona wala kukisikia. Kama hujui, sema hujui, ni jibu halali kabisa.

Sheria hiyo ndiyo iliyomweka Fundi pabaya, kwa sababu nusu ya kazi ilikuwa kusikiliza. Katikati ya bwawa kuna daraja jembamba la mbao. Tulisimama pale, tukafumba macho, na kila aliyesikia ndege aliinua kidole na kusema ni nani. Ndani ya matete huwaoni, unawasikia tu. Fundi alifumba macho nusu. Alitazama koo la ndege likitetema, alitazama vidole vyetu vikiinuka vinaelekea wapi, kisha akainua chake akiwa wa pili au wa tatu, kamwe si wa kwanza. Nilidhani ni adabu.

Jioni alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha kunyolea hata kama hana nywele za kunyoa, na kuniuliza kuhusu kila ndege: ukimsikia huyu anakukumbusha nini? Mimi sina ushairi, nilijibu kwa vitu vilivyokuwa mbele yangu. Kidenenda, yule ndege mdogo wa kahawia anayekaa juu ya matete, nilisema ni mkasi wangu ukikosa mafuta, anakatakata tu. Chozi, yule wa maua, ni mtoto anayesugua kioo kwa kidole kilicholowa. Fundi alirudia maneno kimoyomoyo. Jumamosi ilipofika aliyatoa mbele ya darasa kwa sauti ya mtu aliyeyavumbua. Mwalimu aliyapenda, na baada ya hapo darasa zima lilimwita kidenenda "mkasi". Nilijisikia nimesifiwa na kuibiwa kwa wakati mmoja.

Kuna wiki kioo changu kikubwa kilipasuka, nikawa nawanyoa watu wakiutazama ukuta. Fundi alikaa kitini, nikamsemesha, kimya. Nikamsemesha tena, kimya. Nikasema basi, nimemuudhi. Kioo kipya kilipofika alirudi kuwa msemaji yule yule, na sikujiuliza zaidi. Sauti yangu ni nyembamba, na kumbe alikuwa akiisoma midomo yangu kiooni.

Sasa nije kwa mkewe, maana bila yeye habari hii ni ya ndege tu.

Mama yake alifariki miaka kadhaa kabla ya haya yote. Habari zilimfikia asubuhi kwa simu, akiwa jikoni. Fundi alikuwa kwenye sinki ananawa mikono, amempa kisogo, maji yanamwagika. Akamwambia. Fundi akafunga bomba, akajifuta, akachukua koti lake la kazi, akatoka bila hata kugeuza shingo. Alirudi mchana nyumba imekwisha kujaa watu. Shemeji alinisimulia haya mara moja tu, akiwa amekuja kumngoja mjukuu wake anyolewe. Alisema, "Alijitia pamba masikioni, shemeji. Kwa kifo cha mama yangu." Hakumuuliza mumewe kwa nini. Alimpikia, alimfulia, akamnyima mazungumzo.

Na Fundi naye alikuwa na lake. Yule marehemu ndiye aliyemkubali alipokwenda kuposa, wakati mashemeji zake walipoguna kuwa binti yao anaolewa na mgonga ndoo. Habari ya kifo chake aliipata kwa muuza mboga getini. Aliniambia mke wake aliutangazia mtaa mzima kabla ya kumkumbuka yeye. "Mimi niliambiwa wa mwisho," alisema, na siku hiyo alilipiga bati mpaka likatoboka. Naye hakumuuliza mkewe.

Nilikuwa na hadithi zote mbili kichwani, na kinyozi hachukui maneno ya kichwa kimoja kuyapeleka kwenye kingine. Akifanya hivyo mara moja tu, kesho yake ananyoa viti. Kwa hiyo nilikaa kimya, na wao waliendelea kula meza moja wakiwa mbalimbali.

Siku ya mtihani kila mwanafunzi alitakiwa kuongoza kipande cha njia mbele ya majirani, na kuleta mtu mmoja wa nyumbani kwake. Fundi alimleta mkewe kwa kuwa hakuwa na wa kumleta mwingine. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Tulipokuwa tunangoja zamu zetu aliniuliza kama kuna upepo, maana kukiwa na upepo ndege wa matete huimba kidogo, na angeweza kusema hivyo na kuvuka daraja haraka. Hakukuwa na upepo. Kulikuwa na jua la kukausha mate.

Zamu yangu ilipita bila fedheha. Zamu yake ilianza vizuri mno. Aliwaonyesha watu ganda la kereng'ende, akawaeleza jinsi mdiria anavyochimba tundu la kiota kwenye ukingo wa udongo, akamfanya muuza umeme apige magoti kutazama mayai ya chura kwenye kidimbwi cha kivulini. Alitania, watu wakacheka. Mkewe alisimama nyuma ya kundi, mkoba mkononi, akimtazama kama mtu aliyetambulishwa kwake leo. Nilimwona akitabasamu, akajikaza, kisha akatabasamu tena.

Tukafika darajani. Fundi akatangulia, sisi tukajipanga nyuma yake kwenye zile mbao. Akatuambia tufumbe macho.

Upande wa kushoto, juu ya tete refu, alikuwepo kidenenda. Mdomo wazi, koo linatetema. Fundi alimwona, na nadhani roho yake ilitua.

"Haya, kushoto kwenu," akasema. "Mkasi wa kinyozi. Anakata, anakata. Mnamsikia?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakukuwa na cha kusikia. Bwawa lilikuwa kimya kabisa. Fundi aliuchukua ukimya wetu kuwa ni umakini, akaendelea kutueleza jinsi ndege anavyoharakisha, jinsi anavyopumzika kidogo na kuanza upya. Nilifumbua macho. Kidenenda hakuwa anaimba. Alikuwa anatweta kwa joto, mdomo wazi, kama kuku wafanyavyo mchana. Tulifundishwa hilo, na Fundi alilijua kuliko mimi, lakini ili ulitofautishe lazima uwe na masikio.

Muuza umeme alinong'ona, mkasi gani tena huu. Mtu mmoja akacheka puani. Mwalimu alikuwa amemkazia Fundi macho na uso wake umebadilika. Fundi mwenyewe bado alikuwa ametupa kisogo, kidole kimeelekezwa kwenye tete, ana furaha, na mimi nilitamani mbao zile zinimeze badala yake.

"Mzee," mkewe akaita kutoka nyuma. Sauti yake ni nyembamba, ndivyo alivyoumbwa. Fundi hakugeuka. Akaita tena. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya kawaida, "Mzee, nyumba yetu inaungua."

Kila mtu akafumbua macho na kugeuka isipokuwa Fundi. Yeye alikuwa anatuambia tusubiri, ndege atarudia.

Shemeji akaweka mkono mdomoni. Alitupita mmoja mmoja kwenye daraja lile jembamba, mkoba ukitugonga mbavuni, mpaka akafika mbele ya mumewe akasimama uso kwa uso naye. Fundi alishtuka kumwona. Mwalimu, Mungu ambariki binti yule, aliwaambia watu warudi wakayaone tena mayai ya chura. Mimi nilikuwa wa kwanza nyuma ya Fundi, na daraja lilikuwa limezibwa na wanaorudi, kwa hiyo nilibaki. Si umbeya.

"Umesikia nilivyosema?"

"Umesema nini?" Fundi akauliza.

"Siku aliyofariki mama. Ulikuwa kwenye sinki unanawa mikono. Mimi nilikuwa nyuma yako. Nilikuambia. Ulinisikia?"

Fundi alimtazama midomo. Alikaa akiitazama hata baada ya kufungwa.

"Uliniambia?"

"Wewe wa kwanza. Kabla ya mtu yeyote."

Sijawahi kumwona mtu akipokea habari ya zamani namna ile. Alikaa kitako juu ya mbao, shati la pasi na yote, akasema kwamba yeye alidhani aliambiwa wa mwisho, kwamba alitoka asubuhi ile kwenda kazini kama siku zote, kwamba hakujua, kwamba hakujua kabisa. Akalia. Bega lilipomshinda hakulia, karakana ilipochukuliwa hakulia, lakini pale alilia mbele yangu bila kujificha. Alimlilia yule mama kwa mara ya pili, au pengine ndiyo ilikuwa ya kwanza, maana siku ya msiba alikuwa amekasirika mno. Mkewe aliketi kando yake, miguu ikining'inia juu ya maji, akamshika mkono. Akamuuliza tangu lini. Fundi akasema tangu zamani. Akamuuliza kwa nini hakusema. Akasema fundi asiyesikia watu humwona amekwisha.

"Na mimi nikakuona huna moyo," mkewe akasema. "Bora ningekuona kiziwi."

Wingu likapita juu ya jua, joto likalegea kidogo, na kwenye tete lile lile kidenenda akaanza kuimba kweli. Shemeji akageuka upande ule, akainua kidole kama mumewe alivyokuwa amefanya.

"Sasa anaimba," akamwambia, akihakikisha anamwona.

"Yukoje?"

Akasikiliza. Akatikisa kichwa. "Si mkasi huyu. Ni matone ya maji yakiangukia kwenye ndoo yako ya bati, ikiwa tupu."

Fundi alifumba macho. Sauti ile aliikumbuka, zamani alikuwa akiisikia kila ndoo mpya ilipopelekwa bombani kupimwa kama inavuja. Mimi mkasi wangu ukawa umestaafishwa hivyo hivyo, bila shukrani.

Kofia hakupewa. Mwalimu alimwambia siku hiyo hiyo, kwa heshima na kwa sauti nene kadiri alivyoweza, kwamba alitaja asichokisikia, na sheria ni hiyo. Mimi niliona ni ukatili na nikamnunia Mwalimu wiki nzima, kofia yangu ikiwa kichwani, ambayo isitoshe inanibana. Fundi alimtetea. Alisema bati linalovuja haliuzwi kwa sababu fundi ni mtu mzuri. Akajiandikisha upya.

Hospitali walimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Kinamsaidia kwa watu, ingawa analalamika kwamba sasa anasikia hata anayoambiwa na mpwa wake. Kwa ndege hakikusaidia. Kidenenda bado hamsikii. Mtihani ulipofika tena alisimama darajani akawageukia watu, si kuwapa kisogo kama mwanzo, akawaambia, "Hapa mimi sisikii kitu. Nitawaonyesha alipo, nyinyi mtaniambia anasemaje." Watu waligombea kumwambia. Mmoja akasema ni cherehani, mwingine akasema ni mtu anahesabu sarafu, wakabishana hadi ndege mwenyewe akaondoka. Mwalimu alimvalisha kofia palepale, na ilimkaa vizuri kuliko yangu.

Jumamosi huwa tunapokezana njia. Nikienda kumgonga asubuhi namkuta mezani, darubini shingoni, amegeukia dirishani, na shemeji yuko jikoni nyuma yake. Hamwiti kutoka kule. Anaacha anachofanya, anafuta mikono, anaizunguka meza nzima mpaka asimame mbele ya mumewe, hata kama anataka tu kumwambia chai inapoa.